Shikamoo Ng'ambo ya Kamba

Kosa alilofanya Atuganile lilikuwa kosa la mtu aliyelelewa vizuri. Angekuwa mwanamke mjeuri, asiyejali wakubwa, matibabu yangekwenda kama yalivyopangwa na leo kusingekuwa na la kusimulia.

Walikuwa wamelala chali, yeye na mumewe, kwenye vitanda viwili vilivyounganishwa katika Chumba cha Wawili, kila mmoja na kofia yake ya nyuzi laini kichwani. Nje ya dirisha ukungu wa Rungwe ulikuwa umekalia mashamba ya chai, na ndege nyuki za kunyunyizia dawa zilikuwa zikipita humo ndani, zikisikika bila kuonekana. Daktari Nyamizi alishawaeleza masharti mara mbili, akayarudia mara ya tatu.

"Mama Subi, humo wewe ni mgeni. Utasimama kando ya mumeo, uone anachokiona na usikie anachokisikia. Usiguse kitu. Usiseme neno, hata ukiitwa."

"Nimeelewa, daktari."

Na kweli alikuwa ameelewa. Kofia zikapata joto, chumba kikaondoka, akajikuta kwenye barabara ya vumbi jekundu katika nchi ambayo hajawahi kufika, jua la asubuhi likimpiga usoni. Mbele yake kulikuwa na kamba iliyofungwa kati ya mapipa mawili, imening'inizwa vitambaa vyekundu. Kushoto kwake alisimama Ambakisye, mwembamba kuliko alivyo sasa, kofia ya chuma kichwani na bunduki kifuani, anatazama mbele kama sanamu.

Ng'ambo ya kamba alikuwa anakuja bibi kizee mmoja na ungo wa mihogo ya kuchoma kichwani. Alikuwa anatembea kwa kuegemea upande, kama mtu mwenye nyonga mbovu. Alipobakisha hatua tano kufika kwenye kamba akasimama, akamtazama Atuganile moja kwa moja machoni.

Sasa mtu wa Tukuyu afanyeje? Tangu ajue kusema hajawahi kumpita mtu mzima kama anapita nguzo ya umeme. Goti lilikunjika lenyewe na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo, bibi."

Kila kitu kikasimama. Vumbi lililokuwa linapeperuka likaganda hewani. Bibi peke yake ndiye aliyeendelea kusogea. Aliinamisha kichwa kidogo, ungo ukiwa palepale juu, akatabasamu kwa meno machache yaliyobaki.

"Marahaba, binti yangu," alisema. "Na yule kijana wangu, bado hajaamka?"

*

Hicho kilikuwa kikao cha pili kati ya vitatu, cha kwanza kikiwa cha vipimo tu. Daktari Nyamizi alizima mitambo kwa haraka mpaka akajigonga mkono kwenye meza.

Tuseme ukweli, mpaka wanandoa hawa wanafika Kituo walikuwa wamechoka. Ambakisye alirudi kutoka kulinda amani miaka miwili na nusu iliyopita, mzima wa viungo, na medali juu. Lakini tangu siku ile hakuwa ameitikia shikamoo ya mtu. Watoto wa jirani wakimwamkia, jasho linamtoka, anageuka na kuingia ndani. Kwenye harusi ya shemeji yake wapwa walijipanga kumsalimia mjomba wao shujaa, naye akakimbilia kwenye migomba kwenda kutapika. Mtaani wakasema jeshi limempa kiburi. Mkewe alijua si kiburi, ila alipouliza alijibiwa neno moja tu, kwamba walishambuliwa, na asiulize zaidi.

Kituo kilikuwa na njia mbili za kutibu askari. Kumbukumbu, kama daktari alivyopenda kuwaeleza watu, haikai kichwani kama picha kabatini. Kila ukiikumbuka inalainika, kama ugali ulio bado motoni, kisha inapoa na kushika upya. Katika Chumba cha Peke, mgonjwa huingia mwenyewe, kumbukumbu inalainishwa, na dawa inaizuia isishike tena. Inayeyuka, na chochote kilichogandana nayo kinakwenda nayo. Katika Chumba cha Wawili haiyeyushwi. Ikiwa bado laini, nusu yake inavutwa kuingia kichwa cha pili, cha mke au mume aliyekubali, halafu inafungwa katika kikao cha tatu. Mzigo ni uleule ila wabebaji ni wawili.

Ambakisye alitaka Peke, tena kesho yake ikiwezekana. Aliyekataa ni Atuganile, na alikuwa na sababu. Ujumbe kwamba binti yao Subilaga amezaliwa ulimfikia Ambakisye asubuhi ileile, nusu saa kabla hajashika zamu pale kwenye kamba. Vilikuwa vimegandana. "Atajua kwamba ana mtoto," daktari alisema wakati ule. "Kwenye karatasi atajua. Ila furaha ya siku ile sitaweza kumrudishia." Atuganile alimfikiria mumewe akimtazama Subi kama mtoto wa mpangaji, akasaini fomu ya Wawili bila kuuliza tena.

"Umemwamkia," daktari alisema sasa, akijisugua mkono. "Nilikuambia usiseme."

"Ni mtu mzima, daktari. Alinitazama."

"Hakukutazama wewe. Alikuwa anamtazama mumeo. Ubongo wako hauna habari yoyote ya yule mama. Ulipomwamkia ulidai jibu, na ubongo ukadaiwa jibu ukalitengeneza. Sasa si kumbukumbu ya mumeo peke yake. Bibi huyo amekuwa wako pia."

Ambakisye alikuwa amekaa kitandani, kofia mkononi. Yeye hakusikia salamu wala jibu. Upande wake picha ilikatika tu.

"Alisema nini?" aliuliza.

Atuganile alimtazama, akaona uso umemlegea kidogo, mara ya kwanza kwa miezi mingi. Hakutaka kuuharibu.

"Aliitikia tu," alisema.

*

Asubuhi iliyofuata alitoka kuanika nguo za Subi, akamkuta bibi amesimama ng'ambo ya kamba ya kuanikia, hatua tano, ungo kichwani.

Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha kama kawaida ya kule. Nguo za mtoto zililowa upya mikononi mwake. Bibi hakulowa. Vumbi jekundu lilikuwa limemkaa miguuni, kavu kabisa, na harufu ya mihogo ya kuchoma ilifika mpaka mlangoni. Atuganile alikumbuka maneno ya daktari, akafumba mdomo, akarudi ndani na beseni lake.

Siku ya pili bibi alikuwa hatua nne. Siku ya tatu, tatu. Hakuwa na uso wa kutisha, na hilo ndilo lililomtisha Atuganile kuliko yote. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri haki yake ndogo, asiyetaka kugombana. Siku ya nne, alipomwona amebakisha hatua mbili na tayari ameinua mkono kuishika kamba, uvumilivu ulimwisha.

"Shikamoo, bibi," alisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba, binti yangu. Na yule kijana wangu, bado hajaamka?"

Akarudi nyuma hatua tatu, akatulia hapo.

Kuanzia hapo ikawa hivyo kila asubuhi. Akiamkiwa anakaa mbali, asipoamkiwa anasogea. Na kila asubuhi swali lilikuwa lilelile. Siku moja Atuganile alitamani kumuuliza jina, akajizuia, kwa sababu alijua jina litakalokuja atakuwa amelitunga mwenyewe.

Ambakisye naye alikuwa anapona. Alilala usingizi mzima. Alitengeneza bawaba ya mlango iliyokuwa imelegea tangu Subi azaliwe. Siku ya sita binti wa jirani alipita na ndoo, akamwamkia kwa woga, kwa mazoea tu, naye akasimama, akameza mate, akasema, "Maraha—" neno likaishia hapo. Lakini lilikuwa nusu nzima! Alicheka mwenyewe, akaingia jikoni kumsimulia mkewe.

Atuganile alifurahi, na papo hapo akakasirika, na hasira ilikuwa kubwa kuliko furaha. Alikuwa hajalala siku tatu. Aliona anayekula chumvi ni mwingine na anayepata kiu ni yeye, na alimchukia mumewe kwa muda wa kukuna nazi moja. Kisha akamwambia hongera, na akamtilia chai.

*

Daktari Nyamizi hakuwa mtu mbaya. Alipowaita siku mbili kabla ya kikao cha tatu, na Atuganile akamnong'oneza pembeni habari za kamba ya nguo, alivua miwani.

"Nawahamishia Peke nyote wawili," alisema. "Sajini kwanza, kisha wewe mama. Wiki moja tu na kichwa chako kitakuwa safi."

"Na yeye?" Atuganile aliuliza.

"Nani?"

"Bibi."

"Mama Subi, huyo bibi hayupo."

"Najua hayupo. Nauliza atakwenda wapi."

Ambakisye aligeuka polepole kwenye kiti. Ndiyo kwanza anasikia.

"Anakuja nyumbani kwetu?"

"Kila siku."

"Anataka nini?"

"Anakuulizia wewe, Baba Subi. Anauliza kama kijana wake ameamka."

Mwanaume yule aliweka mikono miwili usoni. Alipoanza kusema, alisemea viganjani, na iliwabidi wasogee kumsikia.

"Kule hawana shikamoo. Wao jambo, basi. Mimi ndiye niliyemfundisha. Kila asubuhi alikuwa anapita na mihogo yake, nami namwamkia kama ningemwamkia bibi yangu, na nikamfundisha kujibu marahaba. Alicheka mpaka akakaa chini. Alisema tangu azaliwe hakuna askari aliyewahi kumpa kitu bila kumchukulia kingine. Basi ikawa lazima. Anakuja pale kwenye kamba, anasimama, anasubiri shikamoo yake, akishaitikia anakwenda sokoni. Miezi mitano."

"Halafu?" daktari aliuliza.

"Halafu siku ile ikaja amri. Kuna watu wametumwa na mabomu ndani ya nguo. Hakuna kuzungumza na raia, na atakayevuka kamba apigwe risasi. Akaja. Akasimama. Nikatazama mbele. Akasubiri. Akadhani sijamwona. Akainua kamba apite anisogelee, anacheka, anadhani namtania." Alitoa mikono usoni. "Ningesema neno moja asingevuka. Kwenye ripoti tuliandika tumeshambuliwa. Baada ya wiki kijiji chao kiliungua chote. Hakuna hata mtu wa kumwomba msamaha. Na jina lake sikuwahi kumuuliza, nilimwita bibi tu."

Nje ndege nyuki ilipita karibu na paa, ikaenda zake.

Daktari Nyamizi alikwenda kuufunga mlango. Aliporudi aliongea kwa sauti nyingine, ya mtu anayesema jambo lisiloandikwa popote.

"Kuna njia ya tatu. Mke wako ameshaifungua ile kumbukumbu, sasa inajibu. Tukiingia tena Wawili, akifika pale hatua tano, mwamkie. Ataitikia na ataenda sokoni. Nitaifunga hapohapo, na ndivyo utakavyokumbuka mpaka kufa. Hutakuwa umemuua mtu."

"Na mimi?" Atuganile aliuliza.

"Na wewe pia. Furaha ya mtoto itabaki. Bibi hatakuja tena kwenye kamba yako." Alivaa miwani. "Najua ni uongo. Nimeshawazika wagonjwa wangu kumi na mmoja, Sajini, waliokuwa wanaujua ukweli wote. Sitaki uwe wa kumi na mbili."

Walirudi nyumbani kwa miguu, kupitia njia ya chai. Atuganile alitembea mbele, na alisema bila kugeuka.

"Liseme tu, Baba Subi. Neno moja."

"Na yeye je?"

"Yeye amekufa. Mimi sijafa na Subi hajafa. Mimi nimechoka."

"Sasa unataka nani arudi nyumbani?"

"Nataka yeyote anayelala usingizi," alisema, na alimaanisha.

*

Barabara ilikuwa ileile, na jua lilelile. Atuganile alisimama mahali pake, kulia kwa mumewe, na safari hii alijua kila kitu kitakachotokea. Alimwona bibi akitokea kwenye kona, anachechemea. Hatua kumi. Nane. Kumi na mmoja waliozikwa, alifikiri. Sema. Sema, mume wangu, twende nyumbani.

Bibi alifika hatua tano, akasimama. Alishusha ungo akaushika kiunoni, kama mtu aliyefika kwake, akamtazama kijana wake kwa kungoja.

Midomo ya Ambakisye ilifunguka. Atuganile aliona ulimi ukijiandaa kwa lile neno, aliona hata pumzi ikiingia. Kisha midomo ikafungika tena.

Bibi alisubiri. Aliinamisha kichwa huku, akakiinamisha huku. Akacheka kidogo, akapiga hatua.

Hapo Atuganile alitambua jambo ambalo daktari hakulisema, labda hakulifikiria. Yeye pia angeweza kusema. Bibi angemwitikia, alishamwitikia mara nyingi. Angesimama, angekwenda sokoni, na daktari angefunga. Ambakisye angeamka mtu mwingine, na asingejua nani amemfanya hivyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni na goti lilikuwa limeanza kukunjika.

Ambakisye alimgeukia. Katika kumbukumbu ile hakuwahi kugeuka. Aligeuza shingo tu kwa taabu, mwili wote ukibaki kama sanamu, akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba, na hakuwa anaomba kwa ajili yake mwenyewe. Atuganile alilielewa ombi hilo bila kupenda. Bibi yule hakuwa na kijiji tena, hakuwa na kaburi, hakuwa na jina. Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu duniani, kwamba yuko mtu anayejua alivyokufa.

Akauma ulimi. Aliuma mpaka akaonja damu.

Bibi aliinua kamba. Vitambaa vyekundu vilimgusa begani. Alikuwa anacheka bado, na nusu ya kicheko ilikuwa imeshatoka mlio ulipokuja. Mihogo ilitawanyika vumbini, vipande vingi vifupi vya mkaa na weupe, na ungo ulizunguka ukingoni mwa barabara muda mrefu kabla haujalala.

"Nifunge?" sauti ya daktari iliuliza kutoka mbali sana. "Sajini, nifunge hivyo hivyo?"

"Funga," Ambakisye alisema.

Waliporudi chumbani alivua kofia, akashuka kitandani, akapiga goti kwenye sakafu ya Kituo akielekea ukuta mtupu. Alilisema lile neno hapo, mahali lilipokuwa halina faida yoyote.

"Shikamoo, bibi."

Hakuna aliyeitikia. Atuganile alishuka naye akapiga goti kando yake, na daktari Nyamizi akasimama akatazama dirishani mpaka walipomaliza kulia.

*

Masika yalikwisha, baridi ya Juni ikaingia. Ambakisye anawaitikia watoto wa mtaani sasa, neno zima, ingawa kila mara hunyamaza kidogo kwanza, na wao wameshazoea kumngojea. Kuna siku halali. Kuna siku mkewe halali. Mara chache sana wanalala wote.

Asubuhi moja Atuganile alifungua dirisha la jikoni akachungulia uani. Nguo hazikuwepo kambani. Ng'ambo yake alisimama bibi, hatua tano, vumbi jekundu miguuni na umande haumgusi. Haulizi kitu siku hizi. Anasubiri tu, na akishaamkiwa hatoi jibu tena, anatikisa kichwa na kuondoka kuelekea kwenye migomba, kama mtu anayekwenda sokoni.

Atuganile alirudi chumbani akavuta blanketi.

"Amka, Baba Subi. Jana nilitoka mimi. Leo zamu yako."

Ambakisye aliketi, akatafuta ndala zake kwa miguu, akatoka. Mlango ulifunguka bila kelele, kwa ile bawaba aliyoitengeneza. Kisha ikasikika sauti yake uani, ya chini, ya heshima.

Subi alifumbua macho.

"Mama, baba anamwamkia nani?"

"Mtu wake," alisema Atuganile. "Lala, bado mapema."